Kukausha Chakula cha Nyumbani kwa Safari ya Mlimani na Kukirudishia Maji Kambini

Katika kambi ya Shipton's, iliyo mita 4,200 juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Sirimon ya Mlima Kenya, maji huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 86 za Sentigredi. Maharage makavu yanaweza kutokota katika maji hayo mpaka mtungi wa gesi uishe bila kulainika, na mchele wa kawaida hubaki na kiini kigumu hata baada ya kuchemshwa kwa muda mrefu. Ukweli huo ndio unaoongoza kila hatua ya mwongozo huu, kwa sababu msafiri anayebeba mzigo wake mwenyewe hafiki juu akapika, bali hukirudishia maji chakula ambacho kilikwisha kuiva kabisa nyumbani. Kazi karibu yote hufanyika katika jiko la nyumbani, wiki moja au mbili kabla ya safari, na kinachobaki kambini ni maji ya moto, subira na kijiko.

Maelezo haya yamekusudiwa hasa wale wanaojibebea chakula chao kwa siku tatu au nne katika Mlima Kenya, safu za Aberdare na milima mingine ambako hakuna duka wala kijiji njiani. Kwenye Kilimanjaro, ambako wageni hupanda wakiwa na waongozaji, na kwa kawaida pia na wapagazi na mpishi, haja ya kukausha chakula si kubwa. Vivyo hivyo, anayetembea katika Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae hupita vijijini na anaweza kupata chakula cha moto kila siku.

Ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Wasukuma na Wanyamwezi hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika vikawa michembe, lakini pia huvichemsha kwanza, wakavikata na kuvianika vikawa matobolwa. Matobolwa ndiyo yanayotufaa hapa, kwa kuwa yamekwisha kuiva kabla ya kukauka, na mtu anaweza kuyatafuna njiani bila hata tone la maji. Michembe, kwa upande wake, bado inahitaji kupikwa, na mahali maji yanapochemkia nyuzi 86 upikaji huo humaliza gesi bure.

Chakula kinachofaa na kisichofaa

Adui wa kwanza wa chakula kikavu ni mafuta. Maji huondoka kwa joto na hewa, lakini mafuta hayaondoki, hubaki ndani ya chakula na kuchacha, na pia huzuia maji kupenya wakati wa kurudishia. Kwa hiyo mapishi yanayopendwa nyumbani kwa sababu ya mafuta yake, kama vile pilau iliyokolea samli, maharage ya nazi au mchuzi wa karanga, yanapaswa kupikwa upya kwa namna nyingine: viungo, vitunguu na nyanya vinabaki sufuriani, ila mafuta, tui na karanga vinabebwa pembeni na kuongezwa kambini. Unga wa tui la nazi unaouzwa madukani hufanya kazi hiyo vizuri, na siagi ya karanga ndani ya kikopo kidogo ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu nyingi zaidi kwa uzito wake.

Maharage, choroko, dengu, wali, makaroni, nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyo na mafuta, karoti, njegere, hoho, kabichi, sukuma wiki na mchicha hukauka vizuri. Samaki wa jodari wa kopo aliyehifadhiwa katika maji, si katika mafuta, hukauka haraka na kurudi vizuri pia. Kuku huhitaji uangalifu: vipande vya kuku wa kuchemsha wa kawaida hukauka vikawa kama mpira na havilainiki tena, lakini kuku aliyepikwa katika jiko la presha mpaka nyama ikaachana na mfupa, kisha akachambuliwa nyuzi nyuzi, hurudi laini. Kwa kazi hii kuku wa kisasa anamshinda wa kienyeji, ingawa mezani nyumbani hukumu ingekuwa kinyume kabisa.

Mayai yasikaushwe nyumbani kwa hali yoyote, kwa sababu joto la kukaushia halitoshi kuwaua bakteria wa salmonela kwa uhakika. Maziwa, jibini na parachichi pia viachwe. Maziwa ya unga ya dukani ni nafuu na salama zaidi. Kuhusu ugali, ambao wengi huuliza kwanza, ushauri wangu ni kuuacha nyumbani. Ugali uliopikwa ukikaushwa huwa changarawe isiyo na ladha, na kuusonga mpya kambini kunahitaji moto mkali, mkono wenye nguvu na sufuria nzito, vitu vitatu ambavyo msafiri mwenye sufuria nyembamba ya alumini na jiko dogo la gesi hana. Unga wa uji wa kifungua kinywa ni jambo jingine. Huo unafaa, mradi uwe laini na ukorogwe kwanza kwa maji baridi ili usishike mabonge.

Vifaa

Kifaa bora ni mashine ya umeme ya kukaushia chakula yenye feni na kidhibiti joto kinachoweza kuwekwa kati ya nyuzi 50 na 70. Mashine isiyo na kidhibiti joto inafaa kwa matunda, lakini haiaminiki kwa nyama. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi kwa saa nane mfululizo haitatumia zaidi ya yuniti 4 za umeme, kwa hiyo ni vyema kujaza trei zote kwa mkupuo mmoja badala ya kukausha kidogo kidogo.

Ovini ya umeme yenye feni inaweza kutumika ikiwa inashuka hadi nyuzi 70 au chini yake, huku mlango ukiachwa wazi kidogo kwa kijiti ili unyevu utoke. Ovini nyingi za gesi haziwezi kushuka kiasi hicho. Zitaoka chakula badala ya kukikausha. Kabla ya kuamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe, weka kipimajoto ndani kwa nusu saa na usome mwenyewe.

Jua nalo lina mahali pake. Kisanduku cha kukaushia kwa jua, chenye kifuniko angavu na matundu ya hewa, hukausha vizuri maembe, ndizi na mboga mbichi, hasa katika maeneo yenye hewa kavu kama Dodoma au Nanyuki. Mboga za majani ni bora zikae kivulini mle ndani kuliko kuanikwa juani moja kwa moja, kwa kuwa mwanga wa jua huharibu vitamini C na viini vya vitamini A. Lakini wali, maharage yaliyopikwa na nyama visikaushwe kwa njia hiyo, kwa sababu vitakaa kwa saa nyingi, pengine kwa siku mbili, katika uvuguvugu ambao bakteria huupenda. Akina mama wa Usukuma hufanikiwa na matobolwa kwa kuwa huanika wakati wa kiangazi, upepo ukiwa mkavu. Wali na nyama havina ustahimilivu wa kiazi.

Zaidi ya hapo unahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu, karatasi ya kuokea ya kutandika kwenye trei kwa ajili ya vitu vyenye majimaji, na mitungi michache ya kioo yenye vifuniko.

Kupika kwa ajili ya kukausha

Hapa ndipo mafanikio au kushindwa kwa safari nzima huamuliwa, na ndiyo sababu ya kulikalia jambo hili kwa kirefu.

Anza na maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uyachemshe kwa maji mapya mpaka yawe laini kupita kiwango unachokipenda nyumbani. Nyanya na vitu vingine vyenye ukali visitiwe kabla maharage hayajalainika, kwa sababu asidi huzuia ganda kulainika, na harage lililobaki gumu kidogo kabla ya kukaushwa litakuwa gumu zaidi baada ya kurudishiwa maji. Yakishaiva, chukua theluthi moja uyaponde, uchanganye na mengine pamoja na rojo la vitunguu, vitunguu saumu, nyanya na viungo vilivyokaangwa kwa kijiko kimoja tu cha mafuta. Rojo liwe zito kiasi cha kutotiririka trei ikiinamishwa. Maharage yanayopasuka wakati wa kukauka ni dalili njema, kwani mipasuko hiyo ndiyo milango ya maji baadaye.

Wali upikwe bila mafuta, kwa maji au kwa supu iliyoenguliwa mafuta, na usiwe na bokoboko. Ukishaiva, utandaze mara moja upoe, kisha uingie kwenye mashine. Wali uliopikwa haupaswi kuachwa mezani kwa saa nyingi, kwa kuwa kuna bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa katika uvuguvugu mbegu hizo huota na kutoa sumu ambayo hata joto la baadaye haliiondoi. Kama huwezi kuukausha siku hiyohiyo, uhifadhi katika jokofu na ukaushe kesho yake.

Nyama ya kusaga ichaguliwe ile yenye mafuta kidogo kabisa. Muombe mchinjaji akusagie steki mbele yako, kwa sababu nyama iliyokwisha kusagwa dukani mara nyingi huwa na mafuta usiyoyaona. Kabla ya kuiweka motoni, ikande na chenga laini za mkate mkavu, kama gramu 50 kwa kila nusu kilo ya nyama, pamoja na chumvi na viungo. Chenga hizo hushikilia maji wakati wa kurudishia, na bila ya hizo nyama ya kusaga iliyokaushwa hubaki kama kokoto mdomoni hata baada ya nusu saa ya kuloweka. Kaanga bila mafuta huku ukiivunjavunja, mpaka ndani ya nyama kipimajoto kisome angalau nyuzi 71, kisha uchuje mafuta yote yaliyotoka na kuifuta kwa karatasi ya jikoni. Joto hilo lifikiwe kabla ya kukausha na si wakati wa kukausha, kwa sababu bakteria aliyezingirwa na nyama iliyoanza kukauka hustahimili joto kuliko aliye katika nyama yenye unyevu. Kuku afikishwe nyuzi 74.

Mboga ngumu kama karoti na njegere zitiwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha ziingizwe kwenye maji baridi na kuchujwa. Hatua hii huzuia vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha, na hufanya mboga zilainike haraka baadaye. Sukuma wiki ikatwe nyembamba sana kama ilivyo desturi, iondolewe mishipa minene, na ichovywe kwa dakika moja au mbili tu. Vitunguu na hoho havihitaji kuchovywa, ingawa ni busara kuvikausha siku ambayo madirisha yanaweza kukaa wazi, kwani harufu ya vitunguu hujaa nyumba nzima.

Kanuni ya ukubwa ni moja kwa kila kitu: hakuna kipande kinachopaswa kuzidi ukubwa wa punje ya harage. Kipande kikubwa hukauka nje kikabaki na unyevu ndani, na siku ya kuliwa hulainika nje kikabaki kigumu ndani.

Kukausha

Tandaza kila chakula kwa unene wa punje moja au mbili, bila kulundika, na ukaushe kila aina kwa trei yake. Kuchanganya wali, nyama na mboga katika sahani moja ndipo ukaushe kunaonekana kuokoa muda, lakini mboga zitamaliza kukauka mapema huku nyama ikiwa bado na unyevu, nawe hutajua ni lini uzime mashine. Mchanganyiko ufanyike wakati wa kufungasha.

Nyama iliyopikwa hukaushwa kwa nyuzi 68 hadi 70, na huchukua saa nne hadi sita. Maharage, wali na makaroni hukaushwa kwa nyuzi 52 hadi 57, kwa saa tano hadi nane. Mboga hukaa kwa nyuzi 52 kwa muda unaotegemea aina yake. Sukuma wiki inaweza kuwa tayari baada ya saa nne, na karoti ikahitaji nane. Mchuzi wa nyanya au rojo zito, lililotandazwa juu ya karatasi ya kuokea kwa unene wa milimita nne au tano, huhitaji nyuzi 57 hadi 63 na mara nyingi hupita saa nane. Likianza kushikana, ligeuze na ubandue karatasi ili upande wa chini nao upate hewa. Saa hizi ni za kukadiria tu, kwa kuwa jikoni mwa Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, kazi ileile inaweza kuchukua saa mbili au tatu zaidi kuliko Nanyuki.

Kishawishi cha kupandisha joto ili kazi iishe mapema kipingwe. Joto likizidi mwanzoni, uso wa chakula hufanya ganda gumu linalozuia maji ya ndani kutoka. Chakula kitaonekana kikavu, kitapita ukaguzi wa haraka, kisha kitaota ukungu ndani ya chombo. Kila baada ya saa mbili, changua mabonge kwa mkono mkavu na uzungushe trei, kwa sababu karibu kila mashine ina pembe yenye joto zaidi kuliko nyingine.

Kuthibitisha ukavu

Acha chakula kipoe kabisa kabla ya kukipima, maana kitu cha moto siku zote huonekana laini kuliko kilivyo. Wali ulio tayari hugonga kama kokoto ukidondoshwa bakulini. Harage hupasuka na kuwa unga likipigwa kwa mgongo wa kijiko. Punje ya nyama ya kusaga ikivunjwa na kubanwa katika karatasi ya jikoni haipaswi kuacha alama ya unyevu wala ya mafuta. Mboga za majani husagika vidoleni, na rojo la nyanya hukatika kama ngozi kavu bila kunata.

Baada ya hapo, jaza mitungi ya kioo hadi theluthi mbili, ufunge, na uiweke mahali penye kivuli kwa wiki moja ukiitikisa kila siku. Kipindi hiki huuwezesha unyevu mdogo uliobaki kusambaa sawasawa kati ya vipande, na pia hukupa nafasi ya kugundua tatizo mapema: ukiona umande ndani ya kioo au vipande vikishikamana, virudishe kwenye mashine kwa saa moja au mbili. Ukiona ukungu, tupa mtungi mzima bila kuchagua. Mitungi ya nyama ikae katika jokofu katika wiki hiyo. Wakaao pwani wasiache chakula kilichopoa wazi kwa muda mrefu, kwa kuwa wali mkavu hufyonza unyevu wa hewa ya bahari ndani ya saa chache.

Mboga na wali vikikauka sawasawa hukaa miezi kadhaa mahali pakavu na penye giza. Nyama hukaa wiki chache tu nje ya jokofu, hivyo ihifadhiwe kwenye friza mpaka mkesha wa safari. Mashine ya kuvuta hewa hurefusha maisha ya chakula kikavu, lakini haiwezi kukiokoa chakula kilichobaki na unyevu. Bakteria anayesababisha botulizimu hustawi pasipo hewa, na kumfungia pamoja na unyevu ni kumtengenezea makao.

Kupima na kufungasha

Njia rahisi kuliko zote ya kujua kiasi cha maji ya kurudishia ni mizani. Pima kila chakula kabla hakijaingia kwenye mashine na ukipime tena kikiwa kikavu, kisha andika tofauti. Tofauti hiyo ndiyo maji yaliyotoka, na gramu moja ni mililita moja.

Chukua mfano wa mlo wa mtu mmoja wenye gramu 200 za wali, gramu 150 za maharage yenye rojo, gramu 50 za nyama ya kusaga na gramu 50 za mboga, jumla gramu 450. Baada ya kukaushwa mlo huo hubaki na uzito wa karibu gramu 140, maana yake umepoteza takriban mililita 310 za maji. Andika juu ya pakiti: jina la mlo, tarehe ya kukausha, uzito, na maji mililita 310 pamoja na 50 za akiba. Hutalazimika kukisia ukiwa na baridi na uchovu kichwani.

Gramu 140 hizo zina nishati ya zaidi kidogo ya kilokalori 500, ambayo haimtoshi mtu aliyepanda kutwa nzima. Kijiko kimoja cha chakula cha samli huongeza takriban kilokalori 120, kwa hiyo vijiko viwili kwa kila mlo wa jioni hubadilisha hesabu kabisa. Samli ibebwe katika kikopo cha mdomo mpana, si chupa ya shingo nyembamba, kwa kuwa kwenye baridi ya mlimani huganda na utahitaji kuichota kwa kijiko.

Kuhusu vifungashio, kumbuka kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, kama chupa za maji, vikombe na vijiko, haziruhusiwi katika hifadhi za taifa. Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019. Ni bora basi kutumia vifuko vya silikoni vinavyooshwa na kutumika tena, au makopo mepesi yenye vifuniko vya kukaza. Makopo yana faida nyingine: katika kambi za Mackinder's na Shipton's kuna pimbi waliozoea watu, na kifuko laini kilichoachwa nje ya shanta hakimalizi dakika nyingi.

Kurudishia maji kambini

Kazi hii huanza kabla ya kufika. Saa moja hivi kabla ya kambi, mimina mlo wa jioni katika kopo la kukaza pamoja na maji baridi yaliyokwisha kutibiwa, kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na uendelee kutembea. Maharage na nyama vikiingia kambini vikiwa vimekwisha kunywa maji, gesi itakayotumika ni ya kupashia tu. Mlo wenye nyama usilowekwe kwa zaidi ya saa mbili, na ikiwa bado uko chini penye joto, subiri mpaka ufike. Maji ya kijito yasiyotibiwa yasitumike kulowekea. Juu ya mita 2,000 inashauriwa yachemke kwa dakika tatu kamili kabla ya kuhesabiwa kuwa salama.

Ukifika, mimina kila kitu kwenye sufuria, uwashe jiko mahali palipokingwa na upepo, na ukoroge taratibu mpaka kichemke. Acha kichemke kwa dakika mbili, kisha zima. Funika sufuria na uiviringishe katika sweta, mfuko wa kulalia au kifuniko kilichoshonwa kwa povu na karatasi ya foili, ikae dakika 15 hadi 20. Kwenye mita 4,000 na zaidi ifikishe 30. Ni heri kuzima moto mapema na kungoja kuliko kuendelea kuchemsha, kwa sababu chakula kikavu huhitaji muda wa kunywa kuliko moto mkali, na gesi ya kopo hulegea yenyewe kwenye baridi. Butani tupu huacha kabisa kuvuka kuwa mvuke joto linapokaribia sifuri, kwa hiyo nunua mtungi wenye mchanganyiko wa propani na uulaze ndani ya mfuko wa kulalia usiku.

Muda ukiisha, funua na uonje harage na punje ya nyama, si wali, kwa kuwa wali siku zote hutangulia. Vikiwa bado vigumu, ongeza akiba ya maji yakiwa ya moto, ufunike tena kwa dakika kumi. Samli, unga wa tui na chumvi ya kumalizia huingia mwisho kabisa, baada ya maji kufanya kazi yake, kwani mafuta yakitangulia hufunika vipande na kuzuia maji kupenya. Hamu ya chakula hupungua sana kwenye mwinuko, na chumvi kidogo zaidi ya kawaida pamoja na pilipili husaidia mtu kumaliza sahani yake.

Themosi ya chakula ya mdomo mpana inaweza kuchukua nafasi ya sufuria kwa mlo wa mchana: tia chakula kikavu asubuhi pamoja na maji yanayochemka, ufunge, na saa sita mchana uikute supu ya moto. Hata hivyo themosi ipashwe kwanza kwa maji ya moto yanayomwagwa, na itumike kwa choroko, dengu au mboga tu. Nyama iliyokaa katika maji yanayopoa polepole kwa saa tano si ya kujaribu.

Mpangilio wa njia ya Sirimon

Kutoka lango la Sirimon, mita 2,650, hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, mwendo ni mfupi na mzigo bado haujachosha, kwa hiyo usiku wa kwanza hauhitaji chakula kikavu: chapati za nyumbani na mchuzi ulioganda katika friza, uliofungwa vizuri, hupendeza zaidi. Maharage, wali na nyama viwekwe kwa usiku wa Shipton's. Usiku huo ule mapema na usishibe kupita kiasi, kwa kuwa safari ya kilele cha Point Lenana, mita 4,985, huanza saa nane au tisa usiku, na tumbo lililojaa maharage halipandi vizuri. Kabla ya kutoka, uji mwepesi wenye maziwa ya unga na sukari unatosha, na mfukoni uweke matobolwa au ndizi kavu za kutafuna, kwani vitu vya chokoleti hugeuka mawe kwenye baridi ya alfajiri.

Weka mlo mmoja wa ziada wa watu wote kwa ajili ya kuchelewa kwa sababu ya mvua au ugonjwa wa mwinuko. Ukirudi nao nyumbani, kopo la wali na mboga ambalo halikufunguliwa linaweza kurudi kabatini hadi safari nyingine, ila la nyama lililotembea siku nne ndani ya shanta lipikwe na kuliwa wiki hiyohiyo.